Ajali Kazini Busia na Malaba: Bima Ipo Kisheria, Mfanyakazi Hayumo Daftarini

Mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia milango miwili magharibi mwa Kenya: Malaba, katika eneo la Teso Kaskazini, na mji wa Busia, makao makuu ya kaunti ya Busia. Milango hiyo imezungukwa na maelfu ya watu wanaokula kwa jasho la mzigo usio wao. Kuna dereva, kuna utingo anayepanda juu ya trela kufunga turubai, kuna mpakuzi, mlinzi wa yadi, fundi wa kuchomelea vyuma, na mpishi wa hoteli inayowalisha madereva usiku kucha. Yeyote kati yao anaweza kuumia kazini kesho asubuhi. Akiumia, nani analipa?

Sheria ya Kenya inajibu kwa neno moja: mwajiri. Tena inamtaka awe amekwisha kata bima kabla ajali haijatokea. Mtaani jibu ni jingine. Marafiki hufungua kikundi cha WhatsApp cha mchango, tajiri hutuma elfu mbili za pole, na baada ya wiki chache majeruhi hubaki na familia yake na deni la hospitali.

Watu wengi hudhani tofauti hiyo inatokana na ubovu wa sheria. Ukiichambua, utaona sheria ina mianya, lakini mwanya mkubwa uko kwingine. Fidia ya ajali kazini inasimama juu ya kumbukumbu: nani ameajiriwa na nani, kwa kipato gani, tangu lini, na aliumia saa ngapi akifanya nini. Kazi za mpakani zinaendeshwa kwa mdomo. Palipo na kazi ya mdomo, haki iliyoandikwa haina pa kushika.

Sheria inamdai nini mwajiri

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Wakenya wanaijua kwa kifupi chake cha WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008 na kuchukua nafasi ya sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliyokuwapo tangu enzi za ukoloni. Inawahusu wafanyakazi wote wa serikali na wa sekta binafsi walio na mkataba wa ajira, wakiwemo wanagenzi, ila wanajeshi.

Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri akate na kudumisha bima ya kulipia madeni yanayoweza kumpata chini ya sheria hiyo. Hakisemi bima ni ya mwenye wafanyakazi 50 au 10. Mwenye mfanyakazi mmoja anayemlinda usiku yumo, na mwenye malori 200 yumo. Kukaidi ni kosa la jinai.

Bima hiyo hulipia mambo manne. La kwanza ni matibabu: hospitali, upasuaji, dawa, uuguzi, usafiri wa majeruhi, na viungo bandia pale vinapohitajika. La pili ni kipato cha kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi. Aliyelemazwa kwa siku tatu au zaidi anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12 katika hali ya kawaida. La tatu ni ulemavu wa kudumu, unaokokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. La nne ni kifo: wategemezi hulipwa kwa msingi huohuo wa miezi 96, na mwajiri hugharamia mazishi hadi kiwango kilichowekwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpakuzi anapata Sh20,000 kwa mwezi. Anaangukiwa na marobota, mguu unavunjika vibaya, na baada ya matibabu daktari anaandika kwamba amepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 40. Mara 96, mapato yake yanafika Sh1,920,000. Asilimia 40 ya hizo ni Sh768,000. Hizo hazijumuishi gharama za matibabu, wala malipo ya miezi aliyolala nyumbani. Weka hesabu hiyo kando ya elfu mbili za pole, uone mtu anapoteza kiasi gani akikubali yaishe.

Jambo moja katika sheria hii halijaeleweka vizuri na wafanyakazi wala waajiri. Majeruhi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba ajali ilitokea kazini na ilitokana na kazi. Hata makosa ya mfanyakazi mwenyewe hayamwondolei haki kirahisi. Anayeweza kunyimwa ni yule aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi, na hata huyo hanyimwi endapo ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Vilevile, mfanyakazi anayebebwa kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri anahesabiwa kuwa yuko kazini. Wajenzi wanaosombwa kwa pikapu kutoka mjini Busia hadi kwenye mjengo, na wakata miwa wanaopelekwa mashambani kwa trekta, wote wanaingia hapo.

Kwa upande wa pili, mfanyakazi ameachia kitu. Kifungu cha 16 kinamzuia kumshtaki mwajiri wake mahakamani akidai fidia ya kawaida ya uzembe. Anapata malipo ya uhakika yasiyohitaji ubishi wa nani mkosaji, na mwajiri anapata kinga dhidi ya kesi ya mamilioni. Hayo ndiyo makubaliano yaliyo nyuma ya sheria za namna hii tangu Ujerumani ilipotunga ya kwake mwaka 1884. Lakini makubaliano hayo yana maana pale tu bima ipo. Isipokuwapo, mfanyakazi ameachia haki ya kushtaki na hakupokea chochote mkononi.

Miaka kumi na moja ya mvutano

Sheria hii haikupata nafasi ya kutulia. Chama cha Mawakili cha Kenya kiliipinga mahakamani, na Machi 2009 Mahakama Kuu ilitangaza vifungu vyake kadhaa kuwa vinakiuka Katiba, kikiwemo kile kilichozuia kesi za kawaida. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa iligeuza sehemu kubwa ya uamuzi huo. Iliacha vipengele viwili tu vikiwa vimebatilishwa, kimojawapo kikiwa sharti kwamba kampuni ya bima lazima iidhinishwe na waziri. Desemba 3, 2019 Mahakama ya Juu iliunga mkono Mahakama ya Rufaa, na mjadala ukafungwa.

Kwa mtu wa Malaba, historia hiyo ina matokeo matatu. Kwanza, wajibu wa kukata bima ulibaki hai. Pili, dai la ajali kazini sasa linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kwa hakimu. Anayekimbilia mahakamani moja kwa moja leo kwa ajali mpya atafukuziwa kesi kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kuanza nayo. Tatu, kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu zilikwama bila kujua mwelekeo, mpaka Aprili 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa maelekezo kwamba zisikilizwe na kumalizwa zilipo.

Mvutano huo uliacha mazoea yasiyofutika haraka. Kwa karibu miaka kumi watu walizoea kwamba fidia ya kazini ni shughuli ya wakili na korti. Mpaka leo wapo majeruhi wanaoitafuta ofisi ya wakili kabla ya kuitafuta ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini. Miezi inakatika huku muda wa kuwasilisha dai ukizidi kusogea.

Mpakani nani ni mwajiri

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Waangalie wafanyakazi wa mpakani kundi kwa kundi.

Madereva wa masafa marefu wa kampuni kubwa za uchukuzi ndio walio na nafuu. Wana mikataba, mishahara hupitia benki, na kampuni nyingi zenye zabuni kubwa hulazimishwa na wateja wao kuonyesha bima. Hata hivyo wapo madereva wengine wengi wanaoendesha lori la mtu mmoja kwa malipo ya safari. Utingo wao mara nyingi hajulikani kabisa na mwenye gari. Ameletwa na dereva, analipwa na dereva, anakula na dereva. Akianguka kutoka juu ya trela usiku akifunga turubai, mwenye lori husema hamjui, naye dereva husema yeye mwenyewe ameajiriwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inaziba njia hiyo kwa kiasi fulani, maana inapomtaja mwajiri inamjumuisha pia wakala, msimamizi na meneja wake. Dereva aliyemchukua utingo ili kazi ya tajiri ifanyike, kwa gari la tajiri, kwa pesa za safari zilizotoka kwa tajiri, ana sura zote za wakala. Hoja ipo. Kinachokosekana ni karatasi ya kuishikilia.

Wapakuzi wana hali ngumu zaidi. Katika maghala na yadi za Busia, mahindi, maharagwe na matunda kutoka Uganda hushushwa na kupakiwa upya karibu kila siku. Gunia la mahindi la Kenya huwa kilo 90. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mzigo unaobebwa na mwanamume mzima kwa mikono usizidi kilo 55. Mpakuzi anapanda ubao mwembamba uliounganisha ardhi na bodi ya lori, gunia begani, miguuni ndala. Nyapara anahesabu magunia. Jioni nyapara anapokea pesa kutoka kwa mwenye mzigo na kuzigawa. Asubuhi inayofuata mwenye mzigo ni mwingine, lori ni jingine, lakini ghala na nyapara ni walewale.

Mtu huyo ameajiriwa na nani? Mwenye mzigo atasema alinunua huduma. Mwenye ghala atasema anakodisha nafasi tu. Nyapara atasema yeye ni mpakuzi kama wenzake. Sheria ya Ajira inamtambua kibarua kuwa mfanyakazi anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo mmoja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida isingeweza kuisha chini ya miezi mitatu, masharti yake yanageuka kuwa ya mfanyakazi wa mwezi. Kwa hiyo mpakuzi aliyeshinda ghala moja mwaka mzima ana msingi mzuri wa kusema ana mwajiri. Mwenye ghala anayechagua nani aingie langoni, nani arudi nyumbani, na bei ya kila gunia iwe ngapi, atapata kazi kumshawishi Mkurugenzi kwamba yeye ni mwenye nyumba tu.

Walinzi, wahudumu wa hoteli, wasaidizi wa nyumbani na vijana wa vituo vya mafuta hawana utata wa aina hiyo. Mwajiri wao anajulikana kwa jina na sura. Wanachokosa ni bima yenyewe.

Kuna pia watu ambao sheria haiwagusi. Busia ina kundi maarufu la watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, na wengi wao hujitafutia wenyewe bila tajiri. Wachuuzi wanawake wanaovuka na samaki, mayai na nguo wako hivyohivyo, sawa na mwendesha bodaboda mwenye pikipiki yake. WIBA ni ya mwenye mwajiri. Hawa wanahitaji bima ya ajali ya mtu binafsi au ya kikundi, kupitia chama au sako yao. Anayewaambia kwamba WIBA itawafidia anawapotosha. Bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu kwa kupeleka hesabu kila jioni yuko katikati, na kila hali yake inabidi ipimwe kwa mambo yake.

Ajali ikitokea ng'ambo

Mpaka unaongeza swali ambalo Nakuru au Nyeri hazina. Dereva wa kampuni ya Mombasa akipata ajali Tororo au Jinja, upande wa Uganda, sheria ipi inamhusu? WIBA imelijibu. Ikiwa mwajiri anafanya biashara yake hasa nchini Kenya na mfanyakazi kwa kawaida huajiriwa Kenya, akiumia akiwa kazini kwa muda nje ya nchi, anafidiwa kana kwamba ameumia Kenya. Haki hiyo hukoma akikaa nje mfululizo kwa miezi 12, isipokuwa kuwe na mapatano na Mkurugenzi. Kwa dereva anayeenda Kampala na kurudi, sheria ya Kenya inamfuata hadi ng'ambo. Mwajiri naye ana wajibu wa kuhakikisha hati ya bima aliyonunua haikuishia Malaba. Asome eneo linalohusika kwenye hati hiyo kabla ya kutia saini.

Utingo wa lori la Uganda aliyeumia katika yadi ya upande wa Kenya ana njia tofauti. Mwajiri wake yuko Uganda na aliajiriwa huko, kwa hiyo mahali pake pa kuanzia ni sheria ya fidia ya Uganda ya mwaka 2000. Nayo inamtaka mwajiri akate bima, na madai hupitia kwa afisa wa kazi wa wilaya. Tofauti iko kwenye hesabu. Uganda hukokotoa kifo na ulemavu kamili kwa msingi wa mapato ya miezi 60, Kenya miezi 96. Watu wawili wanaofunga mzigo mmoja kwa kamba moja, mapato yao yakilingana, familia zao zitapata fidia zilizopishana kwa miezi 36.

Mganda aliyeajiriwa na Mkenya upande wa Kenya hapungukiwi na kitu kwa sababu ya uraia wake. Kenya na Uganda zote zimeridhia Mkataba namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1925, unaotaka raia wa nchi wanachama wa mkataba huo watendewe sawa na wenyeji katika fidia ya ajali kazini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo imejengwa juu ya kutobaguana. Mwajiri anayemwambia kijana kutoka Tororo kwamba bima ni ya Wakenya amekosea.

Tanzania imechagua njia nyingine kabisa. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka uliofuata. Ubora wa mfuko ni kwamba majeruhi anaidai taasisi moja yenye fedha, hadai tajiri mmoja ambaye huenda amefilisika au amehamia Juba. Kenya imeacha jambo hili kwa kampuni binafsi za bima. Mwajiri asiye na bima na asiye na mali akimwachia majeruhi tuzo ya Mkurugenzi, yaani uamuzi wake wa fidia, mkononi, karatasi hiyo haitamnunulia hata mkongojo.

Siku, fomu na ushahidi

Njia ya dai haina ugumu, ila ina saa inayotembea. Mara baada ya ajali, mfanyakazi au mtu kwa niaba yake anampa mwajiri taarifa, kwa maandishi au kwa mdomo. Ikiwa mtu amefariki, Mkurugenzi anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 24. Kwa ajali nyingine, mwajiri ana siku saba za kumpa Mkurugenzi ripoti tangu alipopata habari. Fomu inayotumika inaitwa DOSH/WIBA 1: sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari anayeeleza jeraha na kiwango cha ulemavu. Dai lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali au ya kifo.

Mkurugenzi akishakokotoa na kuwasilisha dai, mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulipa. Asiyelipa anatenda kosa linaloweza kumletea faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu, kisha zipo siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa watu wa Busia na Malaba, mahakama hiyo iko karibu, Bungoma.

Mwanya wa kisheria uko hapohapo mwishoni. Sheria haikumpa Mkurugenzi mkono wake mwenyewe wa kukamata mali ya mwajiri mkaidi. Wengi hulazimika kwenda mahakamani kuomba tuzo yake ipokewe kama hukumu ili itekelezwe. Mtu aliyeambiwa asianzie kortini anajikuta akiishia kortini. Bunge lina wajibu wa kuliziba hilo.

Lakini wengi hata hawafiki huko. Wanakwama kwenye fomu ya kwanza, sehemu ya mwajiri, kwa sababu tajiri amekataa kuijaza. Hapo ushahidi mdogo mdogo ndio unaookoa: ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ileile, daftari la getini lenye jina na saa, picha ya kazini, wenzake walioshuhudia, na zaidi ya yote, maelezo ya hospitali. Mtu akifikishwa hospitali ya Kocholya au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, daktari huandika anachoambiwa. Ikiandikwa "ameanguka" bila kutaja alianguka wapi na akifanya kazi ya nani, kampuni ya bima itaishikilia sentensi hiyo mpaka mwisho.

Wafanyakazi wajue pia kwamba ukosefu wa mkataba wa maandishi hauwaui. Sheria ya Ajira inamtwika mwajiri jukumu la kuandika mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Kukiwa na kesi na mwajiri akashindwa kuutoa, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Hoja za waajiri

Ni haki kuwasikiliza na wenye biashara. Tangu mizigo mingi ianze kulipiwa ushuru mapema chini ya utaratibu wa forodha ya pamoja mwaka 2014, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, malori hayakai mpakani kama zamani. Mawakala wa forodha, hoteli na yadi nyingi zilizotegemea foleni zimepunguza wafanyakazi. Mtu aliyebaki na wafanyakazi watatu huona bima kama gharama nyingine juu ya leseni, kodi na makato.

Ada ya bima, hata hivyo, hukokotolewa kwa jumla ya mishahara ya mwaka na hatari ya kazi. Karani wa ofisi ana kiwango chake na mpakuzi ana chake. Mwenye mishahara midogo hulipa ada ndogo. Dai moja la ulemavu wa asilimia 40 katika mfano wetu ni Sh768,000, na biashara ndogo ya Malaba ikilipa hiyo kutoka mfukoni itafunga milango. Bima inamlinda tajiri sawasawa na inavyomlinda mpakuzi.

Wengine hudhani wamekwisha kata bima kumbe wamenunua kitu kingine. Bima ya lori ni ya lori na ya watu wengine barabarani. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo madereva huibeba wakivuka, inashughulikia madhara kwa watu wa tatu katika nchi za nje pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Haimlipi utingo mapato ya miezi 96. Michango ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu ya kila Mkenya na haiondoi wajibu wa mwajiri.

Na wapo wanaokata bima ya watu wanne ilhali wana ishirini, ili ada ishuke. Siku ya ajali kampuni ya bima huuliza orodha ya mishahara, na jina la majeruhi halimo. Mwajiri amelipa ada na bado atalipa fidia.

Kinachoweza kufanyika

Kusubiri sheria mpya pekee kutawagharimu watu viungo na maisha. Serikali ya Kaunti ya Busia hutoa leseni ya biashara kila mwaka kwa kila ghala, hoteli na yadi. Ikishirikiana na Idara ya Usalama na Afya Kazini, inaweza kumtaka mwenye ghala aonyeshe cheti cha bima ya wafanyakazi anapokuja kuhuisha leseni. Yadi za mizigo zinaweza kutakiwa kuweka daftari moja getini: jina la mpakuzi, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, mzigo wa nani. Gharama yake ni ya daftari na kalamu, na ndiyo karatasi ambayo leo haipo.

Vyama vya wapakuzi, ambavyo tayari hukusanya michango ya mazishi, vinaweza kukubaliana na wenye maghala kwamba sehemu ya bei ya kila gunia iende kwenye bima inayokatwa kwa jina la ghala. Ada ibebwe na anayefaidi kazi, isikatwe kwenye mkono wa mbebaji. Na Bunge la Kenya litazame walichofanya Watanzania, lipime kama mfuko wa taifa unaweza kuwalipa majeruhi ambao waajiri wao hawana bima, kisha umfuate mwajiri kwa nguvu za dola.

Ajali haina kinga, Waswahili wamesema. Fidia inayo njia, nayo imeandikwa kwenye sheria tangu 2007. Wewe unayeajiri, hata kama ni mlinzi mmoja wa usiku, andika jina lake na mshahara wake leo, kisha nenda ukakate bima kwa majina yote, si kwa nusu ya majina. Nawe unayebeba mizigo ya watu, usifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Ukiumia, mwambie daktari uliumia kazini na kwa nani, mpe tajiri taarifa siku hiyohiyo, na ufike ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini kabla ya miezi 12 kuisha. Huduma ya kuwasilisha dai hapo haihitaji wakili, na pole ya elfu mbili haifuti haki hiyo.